Wino wa Shafii Hauchuji

Alhamisi, jioni. Joto la kunata, mawingu yamesimama tangu asubuhi na mvua imegoma kushuka. Mlango wa steshenari nimeufungua nusu. Mteja anayetaka kuingia ataingia, asiyetaka aendelee na safari zake. Leo sina uso wa kumchekea mtu.

Mikono yangu ni myekundu mpaka karibu na viwiko.

Nimeisugua kwa sabuni ya kipande. Nimeisugua kwa ndimu, kwa majivu, kwa mafuta ya taa, kwa ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kwenye viganja wekundu umepungua kidogo, ila kwenye mistari ya mikono na chini ya kucha haujaguswa. Jana nilikula wali kwa kijiko kwa sababu sikutaka kuviona vidole vyangu vikiingia kwenye sahani.

Shajara, juzi nilimpasua jirani yangu kichwa. Nilimpasua na printa. Na nikirudishwa pale nampasua tena, pengine kwa nguvu zaidi.

Acha nianze mwanzo, maana nikianza na kile kichwa nitaishia kutukana.

Wanaoisoma shajara yangu hii mtandaoni wanaijua printa yangu, nimeshailalamikia sana. Ni ya rangi, ya zamani, niliinunua mtumba Kariakoo, na waliokuwa wanatengeneza katriji zake za wino waliacha siku nyingi. Zile halisi chache zilizobaki madukani zinauzwa ghali kuliko printa yenyewe. Wenye uwezo wamehamia kwenye printa za matangi ya wino. Mimi sina uwezo huo, na hii kongwe ndiyo inayonilisha: paspoti saizi za watoto wa shule, kadi za shughuli, ratiba za mazishi zenye picha ya marehemu mbele. Hapa Vingunguti hakuna anayetaka marehemu wake atoke mweusi na mweupe. Wanataka shati alilolipenda lionekane rangi yake.

Kwa hiyo kazi yangu ya pili imekuwa kuwinda wino wa bei nafuu, na uwindaji wenyewe umekuwa wa ngumi.

Nilianza na katriji feki. Printa ikaandika kwamba haizitambui. Nikaipiga kofi ubavuni, ikazitambua. Kurasa chache baadaye ikasahau tena, nikaipiga tena, tukaishi hivyo mpaka kiganja changu kikavimba na yenyewe ikapata ufa. Baadaye nikanunua wino wa kujazia unaouzwa kwenye dumu. Ule uliganda ndani, matundu ya kutolea wino yakaziba, nikawa nayaloweka kwenye maji ya moto kila asubuhi kama mtu anayekanda jipu. Halafu nikapata mwingine, mwepesi, unatoka vizuri, rangi tamu. Nikashukuru Mungu.

Ule mwepesi ndio niliotolea picha kubwa ya Mama Eliza, yule mama wa Kichaga aliyekuwa akiuza magunia ya mkaa karibu na reli. Siku ya kumzika ilinyesha. Picha ilikuwa imebebwa mbele ya jeneza, na wino ukachuja waombolezaji wote wakitazama. Kijani kilishuka kutoka kwenye kilemba mpaka kidevuni, mama wa watu akaonekana ana ndevu. Kesho yake mtoto wake wa kwanza alikuja akaipiga teke meza yangu ikaingia mtaroni na karatasi zangu zote. Nikachukua stuli nikamkimbiza nayo mpaka barabara ya lami. Nilimkosa kidogo tu. Ila usiku ule nililia kwa ajili ya Mama Eliza na wala si kwa ajili ya meza.

Ndipo fundi mmoja wa simu akaniambia habari za Shafii wa Manzese.

Nilimfuata mwenyewe. Anakaa chini ya ngazi ya nyumba ya ghorofa moja, kando ya barabara ya mabasi ya mwendokasi, kajibanza na marundo ya katriji na chupa zake. Anachanganya wino wake mwenyewe, kwa jicho, hana kipimo. Anauingiza kwenye katriji kwa sindano ya hospitali kupitia tundu dogo analolitoboa juu. Ana mdomo huyo kaka, nilimchukia kabla sijakaa. Chini ya meza yake kuna ndoo ya maji, na ndani ya maji kuna picha ya binti yake kavaa gauni la sikukuu. Akaiopoa, akaikung'uta, akanipa.

"Sista, huyu anaogelea tangu Ramadhani. Mwangalie gauni. Mwangalie mdomo. Umechuja?"

Haukuwa umechuja. Nikamwambia kaitumbukiza jana. Akacheka, akachovya kidole gumba kwenye chupa ya wino mwekundu, akanipaka nyuma ya mkono bila kuniomba. Nilitaka kumzaba kibao. Alama ile nilioga nayo siku nyingi, nikafua nayo, nikapika nayo, na ilipotoka ilitoka kwa kujisikia yenyewe.

Tukapatana aje kwangu, kwa sababu printa ile ukiibeba na kuitikisa hedi zake za kutemea wino zinahama. Sharti langu lilikuwa moja. Ajaze, nitoe picha, nizimwagie maji mbele yake. Wino ukichuja hapati kitu.

"Ukichuja, sista, nakunywa chupa nzima nawe unaniangalia," akasema.

Nikamwelekeza. Shuka kituo cha machinjioni, fuata njia ya vumbi, ukifika kwenye bomba la maji uliza mtoto yeyote, mwambie unakwenda kwa Dada Mwaju wa steshenari, atakuleta mpaka mlangoni. Hivyo ndivyo tunavyoelekezana huku. Nyumba zimebanana, njia hazina majina, na mtoto ndiye anayejua kila mlango. Nimewaelekeza hivyo watu wote waliowahi kuja kwangu.

Uliza mtoto yeyote.

Wiki hii ndiyo wiki ya ile sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye magrupu ya simu. Mwanamke analia, anasema mumiani wamerudi mjini, wamevaa kama watu, wana mabegi yenye sindano, wanawafyonza watoto damu na kuwaacha vichochoroni. Hakutaja mtaa, hakutaja jina la mtoto hata mmoja. Tangu utoto tunatishiwa na mumiani, bibi zetu walitishiwa nao, na kila kizazi kinadhani wa kwao ndio wa kweli. Mimi mwenyewe niliisikiliza sauti ile nikawatumia dada zangu, nikaandika chini yake "muwe makini". Nilisikia neno sindano na Shafii hakunijia akilini kabisa. Kwangu sindano ya Shafii ilikuwa ya printa.

Jumanne kabla ya adhuhuri niliitoa printa kwenye kona yake, nikaipangusa, nikaiweka juu ya meza ya barazani penye mwanga. Kifuniko kimeinuliwa, karatasi za picha ziko pembeni, ndoo ya maji ya kumjaribia Shafii iko chini. Nilikuwa nimechangamka. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kumtolea Mama Eliza picha mpya, nipeleke kwao.

Nikasikia kelele.

Mtu anayekaa huku anazijua kelele za mtaa. Kuna za mpira, kuna za mke na mume, kuna za mwizi wa simu. Hizi zilikuwa na wanawake mbele. Mama mmoja akishapiga yowe la mtoto, hakuna anayeuliza mtoto yupi.

Shafii alitokea kwenye kona ya bomba anakimbia, begi linampiga mgongoni, anaita, "Dada Mwaju! Dada Mwaju!" Mtaa mzima hakumjua mtu mwingine yeyote wa kumwita. Waliokuwa wakimkimbiza walimpiga ngwala mbele ya fundi cherehani, na baraza langu liko ng'ambo tu ya njia, ukitema mate yanafika.

Kilichotokea kabla ya hapo nilielezwa baadaye na Rehema, binti wa jirani yangu, mtoto wa darasa la tatu. Shafii alimkuta bombani, akafanya kama nilivyomwambia, akamuuliza. Rehema ananipenda, kila siku anakuja kuchukua mabaki ya karatasi za rangi. Akasema twende nikupeleke. Akamsaidia kushika kamba ya begi. Chupa moja ilikuwa inavuja kwa chini, mkono wa mtoto ukalowa wekundu na yeye akaona raha, akawa anajichora. Baba yake, ambaye ni mchinjaji pale machinjioni na saa hizo ndiyo anarudi kulala, akatokea mbele yao. Akamwona mwanawe yuko na mwanamume asiyemjua, mkono wa mwanawe unachuruzika kitu chekundu, na mdomo wa begi una sindano zimechomoza.

Ninaelewa mpaka hapo. Mwenye mtoto au asiye na mtoto, mpaka hapo kila mtu anaelewa.

Lakini mimi niliyaona ya baadaye. Begi lilipasuliwa, sindano zikamwagika, mtu akapiga kelele "Sindano hizoo!" na hapo hakukuwa na swali tena. Chupa kubwa ilimpasukia Shafii kifuani. Aliyempiga teke la kwanza simjui, ila wa pili namuuziaga kalamu. Fundi cherehani alikuja na mguu wa kiti. Mama anayeuza mihogo alikuja na mwiko wake wa chuma, umetoka kwenye mafuta. Babu mmoja mwenye kofia yake nzuri ya kushonwa kwa mkono, mtu wa safu ya mbele msikitini, alikuwa anakanyaga vidole vya mwenzake kimoja kimoja. Kila ngumi iliyoshuka ilipanda nyekundu, na kila zilivyozidi kuwa nyekundu ndivyo walivyozidi kuamini.

Nusu ya watu wale wanakula kwa damu ya machinjioni. Wanaamka nayo, wanarudi nayo kwenye buti, wanajua inavyonuka na inavyoganda. Wino wa Shafii ni mwekundu wa waridi, unanuka spiriti. Hakuna ng'ombe duniani aliyewahi kutoa kitu kama kile. Na bado waliiona damu, kwa sababu walikuja wakiitafuta.

Niliingia kwa viwiko. Nilikuwa napiga kelele, "Ni fundi wangu! Mgeni wangu! Wino! Ni wino!" na sauti yangu ilikuwa inameza vumbi tu. Nilimng'ata mtu mkono, sijui wa nani, nikasikia chumvi. Nilimfikia Shafii nikamkamata makwapani, nikaanza kumvuta kuelekea barazani kwangu, ndiyo maana mimi mwenyewe nimelowa hivi. Mtu akanipiga teke la mbavu. Nilimwachia Shafii nikageuka nimtafute aliyenipiga, na hilo nalijutia, maana nilipogeuka walimrudia.

Hapo ndipo nikamsikia Rehema. Alikuwa amepanda juu ya ndoo za watu pale kwa fundi cherehani, analia kwa sauti ile nyembamba ya watoto inayopasua masikio. "Baba, ni wino! Baba, ni fundi wa Anti Mwaju! Baba!"

Baba Rehema alimsikia. Nasema hivi nikiwa na akili zangu. Aligeuza shingo akamtazama mwanawe, akamtazama kabisa usoni. Kisha akainama akaokota tofali la saruji, akaliinua juu ya kichwa cha Shafii.

Huyu ndiye mtu aliyebeba jeneza la mama yangu mbele kulia. Ndiye anayeniletea maini kila Idi, kayafunga kwenye mfuko mara mbili yasidondoshe. Sikuyawaza hayo. Meza ilikuwa nyuma yangu, mikono yangu ikapata printa, nikaiinua yote na waya wake na nikamshushia nayo kichwani.

Sauti ya pigo lile sijaweza kuitoa masikioni. Plastiki ilipasuka, trei ikaruka, tofali likaanguka pembeni ya sikio la Shafii likazama vumbini. Baba Rehema aliketi chini taratibu. Damu yake ilianza kushuka kwenye nyusi, nyeusi, nzito, na mtu yeyote pale angeweza sasa kuona tofauti. Printa ilikuwa imegawanyika vipande viwili miguuni kwangu, inamwaga wino wake wa miaka mingi.

Watu walinyamaza. Nadhani ni printa iliyowanyamazisha kuliko mimi. Kila mmoja pale ana picha iliyotoka kwenye ile printa.

Nikaokota chupa mbili za Shafii ambazo hazikupasuka. Nikafungua ya kwanza nikaimwaga mbele yao.

"Hii ya bluu ni damu ya mtoto wa nani? Ajitokeze mama yake! Na hii ya njano? Nani kazaa mtoto mwenye damu ya njano?"

Mama wa mihogo alitazama mwiko wake. Fundi cherehani aliuegemeza ule mguu wa kiti ukutani kwa adabu kabisa, kama anarudisha kitu cha kuazima. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kimya, bila kukimbia, na kila aliyeondoka aliondoka na mikono yake.

Tulimpakia kwenye bajaji, mimi na dereva tu. Hospitali wakataka PF3, ile fomu ya polisi, kwa hiyo polisi nao wakajua. Mbavu zimevunjika, taya limehama, vidole viwili vimepondeka. Jicho la kushoto daktari anasema tusubiri uvimbe ushuke. Nimemuuliza tusubiri nini hasa, akahamia kitanda cha pili.

Mke wake, Husna, alifika akiwa amevaa ndala zisizofanana. Aliingia wodini, akamtazama mumewe, akaitazama mikono yangu, akanirukia shingoni. "Nyie! Nyie ndo mmemuua!" Alinikwaruza shavu, akanipiga kichwa kwenye ukuta. Mimi ninayekimbiza watu na stuli sikuinua hata kidole. Angejuaje? Mikono yangu na ya yule babu mwenye kofia ni rangi moja. Nesi alipombandua kutoka shingoni kwangu, Shafii akasema kitu kwa lile taya lake, tukainama kusikiliza.

"Mwache. Huyo ndo mteja."

Halafu akaniuliza printa ikoje. Nikamwambia imekufa. Jicho lake zima likatoa chozi, sijui alikuwa analia au anacheka.

Jana mtaa huu ungeuona ungedhani kuna baridi. Joto lote hili na wanaume wametia mikono mifukoni. Mama wa mihogo anauza kavaa mifuko ya nailoni vidoleni. Fundi cherehani kafunga, anasema anaumwa. Msikitini, nimeambiwa, watu walichukua udhu wamegeukiana migongo, na maji yaliyopita kwenye mfereji yalikuwa safi kabisa, hayakuwa na rangi hata kidogo.

Askari walikuja mchana wakauliza nani alikuwepo. Hakuna aliyekuwepo. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa Buguruni. Fundi cherehani alikuwa kalala. Askari mmoja akaniangalia mikono muda mrefu, nikamwambia mimi nilikuwepo, na aliyeshonwa kichwa nimempiga mimi. Akasema Ijumaa asubuhi nifike kituoni kuandika maelezo, nimtaje kila niliyemwona.

Jioni akaja Mama Rehema. Alikuja na bakuli la supu limefunikwa, mikono kaificha ndani ya khanga.

"Jirani, pole na mbavu."

"Nimeshapoa."

"Baba Rehema hana kinyongo na wewe. Kashonwa, yupo ndani, kazini hajaenda. Kasema hakushtaki."

"Mwambie asante."

"Sasa na wewe, Dada Mwaju, ukimtaja sie tutakula nini? Yule fundi wako si nasikia anaongea? Tumchangie, yaishe. Sie ni ndugu hapa."

"Na jicho lake?"

"Mungu atamjalia."

Nikamwambia kwamba Baba Rehema alimsikia mtoto. Alimsikia, akamtazama, akaokota tofali. Mama Rehema akaivuta khanga yake. Kisha akasema, "Alimwona mwanawe ana damu mkononi. Ungekuwa umezaa ungejua."

Hapo nilitamani kumvisha lile bakuli kichwani na supu yake ya moto. Nilishika ukingo wa kaunta mpaka hasira ikashuka. Khanga yake ikamteleza, nikaviona vidole vyake. Vyekundu, mpaka kwenye hina ya harusi ya mdogo wake. Nikaukumbuka mkono wenye hina uliolivuta begi la Shafii, kumbe ndiye aliyelipasua. Tulitazamana, akajifunika, akaenda zake. Supu sikuinywa, lakini sikuimwaga pia. Iko pale juu ya kabati na nzi.

Kwa hiyo usingizi haukuja. Nilijipigia hesabu ya upande wao, sitaki kudanganya. Baba Rehema si mtu mbaya. Nikimtaja atawekwa ndani, watoto wake watalala njaa, na mimi nitaishi mtaa ambao hakuna atakayeniitikia salamu, wala kununua kalamu. Printa sina. Wateja nao wakienda nitabaki na nini? Na Shafii hajui hata jina la aliyetaka kumuua. Kunyamaza kulikuwa kunaelekea kuwa rahisi, nakiri. Mpaka leo mchana nilikuwa nimeshanyamaza nusu.

Ndipo Rehema akaja, ametoka shule. Kavaa sweta kwenye joto hili, mkono wa kulia kauvuta ndani ya mkono wa sweta.

"Anti Mwaju, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Akasimama pale kwenye kaunta. Hakuuliza karatasi za rangi. Nikamwambia toa mkono niuone, akautoa. Mwekundu, na ile michoro aliyojichora bado inaonekana, ua na jua. Wenzake darasani wanamkimbia, wanasema kashikwa na mumiani. Nikaweka mkono wangu karibu na wake, rangi ileile, akafurahi kidogo.

"Anti, huu unatoka lini?"

"Sijui, Rehema. Utatoka wenyewe."

Akawa anaukwangua ukingo wa kaunta kwa ukucha. Halafu akauliza bila kuniangalia.

"Anti, kwani siku ile sikupiga kelele vya kutosha?"

Nilitoka nyuma ya kaunta nikapiga magoti chini, nikamshika mabega.

"Ulipiga kelele vizuri. Mimi nilikusikia. Kila mtu alikusikia."

"Mama anasema baba hakunisikia kwa sababu sauti yangu ndogo."

Ameondoka sasa hivi. Nimefunga mlango nusu nikakaa kuandika haya, na hasira niliyonayo ningeweza kuvunja printa nyingine kama ningekuwa nayo. Walimpiga mtu asiye na kosa, sawa, walikuwa wamepofuka. Ila kumbebesha mtoto wa darasa la tatu lile tofali, hilo wamelifanya wakiwa wametulia, wameketi sebuleni kwao. Nikinyamaza kesho, nitakuwa nimekubaliana nao kwamba sauti yake ilikuwa ndogo.

Haikuwa ndogo. Nitasema hivyo kituoni, wakiniandika. Nitamtaja Baba Rehema, na Mama Rehema aliyepasua begi, na babu mwenye kofia, na fundi cherehani, na mama wa mihogo. Nitajitaja na mimi na printa yangu. Sitavaa glovu, sitaficha mikono. Wakitaka kuniweka ndani kwa kile kichwa wataniweka, na nikitoka nitakaa hapahapa.

Nikitoka huko naenda wodini kwa Shafii, kama Husna ataniruhusu kuingia. Nitamwonyesha mikono yangu kwenye lile jicho lake zima. Sabuni, ndimu, majivu, mafuta ya taa, siku ya tatu hii.

Nitamwambia haukuchuja.